Bibi Mifugo Fides Mbonile: Kutoka Ihanda hadi Zizi la Kamsamba

Wasifu huu umeandaliwa na familia. Unasomwa na mdogo wa marehemu, Osward Mbonile.

Tunayemsindikiza leo hapa Mpemba alizaliwa tarehe 14 Agosti 1983 katika kijiji cha Ihanda, wilaya ya Mbozi, ambayo wakati huo ilikuwa bado katika mkoa wa Mbeya. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Lazaro Mbonile, aliyefariki mwaka 2014, na Mama Enesi, ambaye yuko nasi hapa mbele. Alibatizwa akiwa mchanga katika Kanisa la Moravian, akapewa jina la Fides, na jina hilo alilibeba bila kulifupisha.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1991 katika shule ya msingi ya hapo hapo kijijini. Akiwa darasa la nne alichelewa siku moja, akafika wenzake wakiwa wameshapumzika na kurudi darasani, gauni likiwa na damu hadi magotini. Mwalimu alimwita mbele.

"Ulikuwa wapi, Fides?"

"Nilikuwa nazalisha, mwalimu."

Darasa zima liliangua kicheko. Alikuwa amemkuta mbuzi wa jirani njiani, mwanambuzi amekwama, mguu mmoja nje, naye akakaa hapo hapo kwenye majani mpaka kitoto kikatoka kizima. Mwalimu alitaka kumchapa, akaishia kumtuma kisimani akanawe. Kuanzia siku hiyo wenzake walimwita Mkunga, na wapo walioingia leo hapa msibani wakimlilia kwa jina hilo. Alisoma sekondari Vwawa kuanzia mwaka 1998, akamaliza kidato cha nne mwaka 2001. Alirudi nyumbani akawa anamsaidia baba kwenye kahawa, hadi mwaka 2004 alipopata nafasi katika chuo cha mifugo. Alihitimu astashahada ya afya ya mifugo mwaka 2006.

Mwaka 2008 aliajiriwa katika Kliniki ya Mifugo Mwangaza, Tunduma, kando ya barabara kuu iendayo mpakani, na hakufanya kazi mahali pengine tena. Walikuwa watatu tu. Daktari Ezron, mwenye kliniki, ndiye aliyepasua na kuandika dawa. Shadrack alikamata na kufunga wanyama. Fides alifanya yote yaliyobaki, na yaliyobaki ndiyo yaliyokuwa mengi. Kuanzia mashamba ya Hasamba hadi mabonde ya Momba wafugaji walimwita Bibi Mifugo, hata waliokuwa wakubwa kwake.

Yapo mambo ya kuchekesha aliyoyaleta nyumbani kutoka kazini. Kuna dereva mmoja wa lori, Mzambia, aliyekwama kwenye foleni ya mpakani, akaingia kliniki amekumbatia kuku. Kuku huyo aliitwa Bupe, na alisafiri naye kwenye kabini kila safari. Bupe alikuwa hali tena. Fides alimpapasa shingo, akakuta amemeza kamba ya kiroba, akampa mafuta ya kula na kumkanda taratibu mpaka kamba ikarudi yote. Dereva alipiga magoti sakafuni mbele ya wateja. "Natotela, mayo! Natotela sana!" yaani asante mama, kwa lugha ya kwao. Tangu hapo kila akipita alipiga honi ndefu mbele ya kliniki, na Fides alitoka nje kumpungia mkono hata akiwa na glovu.

Kazi aliyoililia ilikuwa ya mbwa. Kila mwaka alizunguka mitaani akiomba watu walete mbwa wao wachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa. Akina mama walimjibu kwamba mbwa akichanjwa anakuwa mpole, wezi wataingia. Vijana walisema mbwa wao ni wa kuwinda, sindano itamlegeza. Alibembeleza, akagombana, akaingia hadi makanisani kuomba tangazo. Jioni alirudi kliniki na boksi la barafu la chanjo likiwa limejaa karibu vilevile alivyoondoka nalo. "Wanasubiri mpaka mtu afe," alimwambia Daktari Ezron mwaka jana, akiwa amekaa kwenye ngazi, amechoka. "Na akifa watasema amerogwa."

Mume wake, Gasper Simbeye, ni fundi matairi hapa Mpemba. Walikutana pikipiki ya kliniki ilipopata pancha. Gasper anasema neno la kwanza alilomwambia ni, "Dada, unanuka ng'ombe." Naye alimjibu, "Na wewe unanuka mpira, tumelingana." Walifunga ndoa tarehe 5 Septemba 2009 kanisani Ihanda. Mungu aliwajalia watoto watatu: Witness, Faith, na Amani aliyetangulia akiwa na miezi minne. Kwa Amani hatukumsikia Fides akilalamika. Ila kwa muda mrefu baada ya hapo alikuwa akipokea ndama wachanga, anawafuta, halafu anampa Shadrack awasimamishe, yeye anatoka nje.

Kuhusu ugonjwa wake yamesemwa mengi, hapa nyumbani na huko mjini. Familia imekaa ikakubaliana kwamba yaelezwe yalivyokuwa.

Jumanne ya tarehe 28 Januari mwaka huu, Mzee Makene Ndalahwa, mfugaji wa Kamsamba, alipiga simu kliniki. Ng'ombe wake mkubwa wa maziwa alikuwa hali wala hanywi, anatoa udenda, analia kwa sauti iliyokauka. Mzee alikuwa na hakika amekwamwa na gunzi la mahindi. Daktari Ezron alikuwa safarini. Fides na Shadrack walipanda pikipiki wakateremka bondeni, mvua ikiwanyeshea njia nzima.

Shadrack alimfunga ng'ombe kwenye mti wa zizi, wakamkaba pua. Fides alivaa glovu, akaingiza mkono kooni. Glovu ziliteleza kwa udenda, hakuweza kuhisi kitu, akavua ya mkono wa kulia akaingiza tena mkono mtupu hadi kwenye kiwiko. Hakukuwa na gunzi. Hakukuwa na kitu chochote. Ng'ombe alitikisa kichwa, na meno ya pembeni yakamchuna mgongo wa kiganja.

Alitoa mkono akasimama. Shadrack anasema alimwona uso ukibadilika kabla hajasema neno.

"Mzee Makene," aliuliza polepole, "kuna mbwa asiye wa hapa aliyepita kwenye ng'ombe?"

"Alipita mmoja wakati wa Krismasi. Vijana walimuua kule bwawani. Alikuwa na fujo sana."

"Alimng'ata huyu?"

"Alimrukia puani. Kidonda kidogo tu, mwanangu, kilishapona."

Fides alichukua sabuni akaenda kwenye ndoo, akanawa, akamwaga, akateka tena, akanawa mpaka ngozi ikawa nyeupe. Shadrack alipomsogelea ng'ombe amfungue, Fides alimpigia kelele ambayo hakuwahi kuisikia kwake: "Usimguse!" Kisha akauliza nani mwingine aliyemshika mdomo. Mkwe wa Mzee Makene, Conjesta, akajitokeza. Alikuwa akimnywesha uji ng'ombe yule kwa mikono yake tangu aanze kuugua, na mikono ile ilikuwa imechanikachanika kwa kazi ya mpunga. Alikuwa mjamzito, mimba imeshaonekana.

Ng'ombe alikufa kesho yake, wao wakiwa bado Kamsamba. Wanaukoo walitaka kugawana nyama. Fides alisimama mbele ya shimo, akakataa kuondoka mpaka ng'ombe alipofukiwa mzima na ngozi yake. Usiku huo mvua ilikuwa kubwa, makorongo yakajaa, barabara ya kupanda Tunduma ikakatika.

Asubuhi Fides na Conjesta walikwenda kwa miguu hadi kituo cha afya cha jirani. Muuguzi alifungua friji akatazama, akafunga.

"Chanjo ya kichaa imebaki ya kumwanzishia mtu mmoja. Nyingine italetwa barabara ikifunguka."

Conjesta anasema Fides hakukaa akafikiri. Alimsukuma begani kidogo, akasema, "Mchome huyu."

"Na wewe, Daktari?" muuguzi alimuuliza.

"Mimi ni wa mjini, mama. Mjini hazikosekani."

Mjini zilikosekana. Barabara ilipofunguka alikwenda alikoelekezwa, akaambiwa arudi. Akarudi, akaambiwa asubiri. Alivuka hadi kwa ndugu wa Gasper upande wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, nao wakatafuta. Alipata sindano ya kwanza Februari ikiwa imeshaingia wiki ya pili. Dawa ile nyingine, inayochomwa kwenye jeraha lenyewe, haikupatikana kabisa. Gasper alipomuuliza kama sasa yuko salama, alimjibu, "Nimechanjwa." Gasper aliridhika. Hakujua kwamba mke wake alikuwa amelijibu swali lingine.

Aliendelea na kazi. Kidonda kilifunga vizuri, kikabaki alama nyembamba. Shadrack alimwona mara kadhaa amesimama mlangoni pa kliniki, ameuinua mkono juani, anautazama.

Jumapili ya tarehe 9 Machi, akiosha vyombo baada ya ibada, mkono ulianza kumwasha kwenye ile alama, ukawa kama una wadudu wanatembea hadi begani. Jumatatu asubuhi aliingia kliniki kabla ya wateja.

"Daktari, mkono unawasha. Pale pale."

Daktari Ezron aliushika mkono ule akaugeuza kwenye mwanga. Halafu akasema, "Inaweza kuwa mshipa tu, dada Fides. Jeraha likipona huwa hivyo."

"Daktari, mimi si mteja."

Daktari Ezron ameomba tuseme kwamba alilia, na kwamba ni Fides aliyempa kitambaa. Alimuuliza kitu kimoja: ana muda gani ambao bado atakuwa yeye. Daktari alimwambia hajui, pengine siku mbili, pengine tatu. Aliagana na Shadrack kwa kumshika bega kwa mkono wa kushoto, akavua koti la kazi, akalitundika, akaenda nyumbani.

Alimwambia Gasper akiwa amekaa kwenye tairi, chini ya kibanda chake, mchana, watu wakipita. Gasper alisema wataenda Mbeya, wataenda Dar es Salaam, atauza kila kitu. "Baba Witness," alimwambia, "huu ukishaanza hauna pa kwenda. Kaa na mimi." Jioni aliwaita mabinti wake wawili. Hakuwaficha. Witness aliuliza kama wakiomba sana Mungu hatasikia. Alimjibu, "Atasikia, mwanangu. Lakini nitakufa." Kisha akamsuka Faith nywele za shule. Mkono wa kulia ulikuwa umeanza kufa ganzi, mistari ikapinda, na Faith, ambaye kwa kawaida hugomba, alimwinamishia kichwa mpaka mwisho.

Jumatano alipelekwa hospitali. Kabla ya kulazwa aliwaambia wauguzi wavae glovu mbili na miwani, na wasimwonee haya. Kikombe cha maji kilipoletwa koo lilimkaba kabla hakijafika mdomoni. Baada ya hapo hata upepo wa mlango ukifunguliwa ulimtesa. Aliomba mlango ufungwe na Gasper akae upande wa miguu, asimsogelee uso. Gasper alikataa. Walibishana juu ya hilo kama walivyobishana juu ya mambo mengine katika ndoa yao, na safari hii Fides alishindwa.

Siku hizo hizo Daktari Ezron na Shadrack walifunga kipaza sauti kwenye gari wakazunguka mitaa ya Tunduma, wakitangaza chanjo ya mbwa bila malipo, wakisema wazi ni nani anayeumwa na ni kwa sababu gani. Watu walisimama wakasikiliza, wengi wakamhurumia. Walioleta mbwa walikuwa wachache sana. Shadrack aliporudi wodini hakumwambia, na yeye hakuuliza.

Maneno yake ya mwisho yaliyoeleweka aliyasema Ijumaa mchana. "Conjesta amalize sindano." Baada ya hapo hakumjua mtu. Alifariki Jumamosi, tarehe 15 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja.

Hakurogwa. Hakuna jirani aliyemwonea wivu, hakuna mtu wa Kamsamba aliyemtupia kitu. Waliokwenda kwa mganga kuuliza, familia inawaomba waishie hapo. Mzee Makene yuko hapa leo, amekuja kwa basi na mkwe wake, na tunaomba asiangaliwe kwa jicho baya. Conjesta amemaliza sindano. Gasper na wauguzi wawili wameanza zao.

Marehemu ameacha mume, Gasper Simbeye. Watoto wawili, Witness na Faith. Mama mzazi, Enesi. Kaka mmoja, nami mdogo wake Osward, na mashangazi, wajomba na binamu huku Songwe na ng'ambo ya mpaka. Ameacha pia wenzake wa kliniki, Daktari Ezron na Shadrack, ambao wamekuja na koti lake la kazi na hawajajua walipeleke wapi.

Mama Enesi hajui kuandika vizuri, akaniomba nimwandikie hili liwe la mwisho, na lisomwe kama alivyolisema: "Mnaona jeneza limefungwa. Mwanangu hakuoshwa na mikono yangu, wala sikumvisha, wala sikumwona uso. Nilikatazwa. Nilibaki nimesimama nje ya dirisha na kanga niliyomletea. Naomba kila aliyekuja ajue kwamba nilikatazwa, sikukataa."

Amani ya Bwana imfunike, Fides wetu, mahali ambapo sisi hatukuruhusiwa kumfunika.