Maisha ya Elimringi Swai na Kichupa Namba Arobaini na Moja

Baba mchungaji, ndugu na jamaa mliotoka Houston, Garland na Mansfield, na majirani zetu wa hapa DeSoto, haya tunayoyasoma mbele ya jeneza la mpendwa wetu Elimringi Ndelilio Swai yamepangwa na mkewe Theodora, ila sehemu ya katikati aliisema marehemu mwenyewe akiwa kitandani, akaagiza isomwe kama ilivyo, isilainishwe.

Elimringi alizaliwa tarehe 3 Machi 1955 huko Machame, mkoani Kilimanjaro, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Ndelilio na mama Kaanaeli, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia 1963 hadi 1969, kisha sekondari mjini Moshi, na mwaka 1978 alihitimu ufundi wa maabara jijini Dar es Salaam, akapangiwa kazi katika hospitali mjini Moshi. Tarehe 14 Julai 1984 alifunga ndoa na Theodora, wakajaliwa watoto wawili, Bertila aliyezaliwa 1986 na Aminieli aliyezaliwa 1988. Mwaka 1985, katika maabara ile ya Moshi, aliletewa mfanyakazi mpya kutoka Bukoba, Faustine Rwegasira, akamfundisha kutoa damu bila kumuumiza mgonjwa na kusoma darubini, na kwa miaka minne walikula sahani moja.

Mwaka 1989 familia ilihamia Garland, hapa Marekani, ambako marehemu alipakia mizigo ghalani huku akisoma jioni, akapata shahada mwaka 1994, na mwaka 1996 akaajiriwa katika maabara moja ya utafiti huko Houston. Faustine alipokuja Marekani mwaka 1997 alifikia kwao, akalala sebuleni kwao miezi minane, na ni Elimringi aliyempeleka kwa wakubwa wa kazi na kusema, "Huyu ni mdogo wangu, nimemfundisha mwenyewe."

Mwaka 1999 maabara ilipokea damu iliyogandishwa ya wafanyakazi waliopelekwa kusafisha baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, na kazi, chini ya daktari Natalia, mwenyeji wa Kiev, ilikuwa kupima ndani ya damu hiyo pepsinojeni, protini zinazotengenezwa na ukuta wa tumbo, ambazo zikipungua sana huashiria kwamba ukuta huo umeanza kuchakaa na mhusika anapaswa kuchunguzwa. Elimringi aliipenda kazi hiyo, akawa na hakika kwamba yeye ndiye angepewa kuisimamia, na Januari 2001 usimamizi huo akapewa Faustine, ambaye wakati huo alikuwa amemaliza shahada ya pili.

Hapa ndipo marehemu alisema tusipunguze neno. Alimwonea Faustine wivu, wivu wa kukosa usingizi, akaacha kula naye na kwenda kulia chakula garini, akawa anahesabu mara ngapi daktari Natalia amemwita mwenzake na mara ngapi amemwita yeye, na ripoti ya kwanza ilipotoka, jina la Faustine likiwa la pili juu na lake likiwa kwenye shukrani za mwisho kwa herufi ndogo, aliikunja akaitia mfukoni, akatembea nayo mwezi mzima. Theodora alipomkaribisha Faustine nyumbani na kupika mtori wa ndizi na nyama, mumewe alisukuma bakuli, na baadaye akasema tumbo linamchoma kila akimwona mtu yule, naye mkewe akamjibu, "Baba Bertila, hilo tumbo lilianza kabla Faustine hajapandishwa cheo."

Mei 2001 ilihitajika damu ya watu wa kulinganisha nao, wanaume wa umri uleule ambao hawakufika kwenye ajali, wafanyakazi wakajitolea, na Elimringi akaandika kwa mkono wake kwenye kichupa chake namba arobaini na moja. Agosti daktari Natalia alimwita ofisini, akafunga mlango, akamweleza kwamba pepsinojeni yake iko chini kuliko ya wengi wa wale waliosafisha kinu, kwamba huo haukuwa uthibitisho wa saratani ila asikae, aende akapitishiwe kamera tumboni, naye akauliza jambo moja tu, "Nani aliyepima?" Alipoambiwa ni Faustine, alitoka bila kuchukua barua ya kwenda hospitali aliyoandikiwa, na usiku ule akamwambia Theodora kwamba damu yake imechafuliwa makusudi, kwamba Faustine anamtafutia ugonjwa ili aondolewe kazini.

Septemba alijitoa damu tena kwa siri, akaipima mwenyewe siku ya Jumamosi pasipo mtu, na majibu yakawa yaleyale. Ndugu zetu, alijua, na alikaa kimya miezi kumi na minne, kwa sababu kwenda hospitali kungekuwa kukiri kwamba Faustine alipima sawasawa, na jambo hilo, kwa maneno yake mwenyewe, lilimuuma kuliko tumbo.

Novemba 2002 alitapika damu kanisani, na ndani ya gari la wagonjwa akamweleza Theodora yote. Saratani ya tumbo ilithibitishwa Januari 2003, akafanyiwa upasuaji Februari, na Julai familia ikahamia hapa DeSoto, karibu na kazi ya Theodora. Faustine alikuwa akiendesha gari kutoka Houston Jumamosi mbili kila mwezi, na marehemu alikiri kwamba hata wakati huo alifurahi kumwona na papo hapo akakereka kuona Bertila anamkimbilia na maswali yake ya kemia.

Mwezi uliopita alimwomba Faustine asogeze kiti, akamwambia, "Ile arobaini na moja uliipima sawa. Nilirudia mwenyewe, nikanyamaza." Faustine akajibu, "Kaka Eli, mimi niliirudia mara tatu, nikiomba niwe nimekosea." Theodora, aliyekuwa mlangoni na shuka mikononi, anasema walilia kwa sauti, na kwamba Elimringi alikuwa wa kwanza kujifuta machozi, akamuuliza mwenzake kama bado ni msimamizi, akajibiwa ndiyo, akasema, "Haya, basi, simamia vizuri."

Elimringi alifariki Jumatano tarehe 19 Oktoba 2005, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka hamsini, na mwili wake utasafirishwa Alhamisi tarehe 27 kwenda Machame kwa maziko.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Houston na wa hapa, daktari Natalia aliyepiga simu kila wiki hata simu yake ilipokuwa haipokelewi, waumini wa kanisa hili, majirani waliokata majani ya uwanja wetu msimu mzima bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake wote. Faustine ametusihi jina lake lisitajwe kwenye shukrani, nasi tumekataa, maana Elimringi alituagiza aandikwe wa kwanza, na kama mlivyosikia, hata sisi jina lake tumelitaja mwisho.

Umekisema kilichokulemea, baba Bertila. Pumzika sasa, na amani iwe nawe.