Historia ya Dkt. Drusilla Gesare Ogoti, Aliyeomba Kuvuka Barabara

Wachungaji, wazee wa ukoo, wakwe zetu kutoka Fort Ternan, majirani na marafiki wote mliofika katika boma hili la Mzee Ogoti Nyang'au, hapa karibu na Kapkatet, leo Ijumaa tarehe 14 Novemba 2025, familia inawasomea maisha ya Dkt. Drusilla Gesare Ogoti, na inawaomba msikilize hadi mwisho, kwa sababu wengi wenu mlipoingia langoni mlitazama upande wa kushoto wa nyumba, mahali ambapo mke wa boma huzikwa kwa desturi yetu sisi Abagusii, mkaona nyasi hazijaguswa, mkaulizana kwa sauti ya chini kaburi liko wapi.

Drusilla alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 huko Fort Ternan, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa marehemu Mzee Mochama, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, na marehemu Mama Sellah, aliyelima mahindi na miwa kidogo kwenye mteremko wa chini ya stesheni. Jina la Gesare alipewa la nyanya yake mzaa baba. Mama Sellah alizoea kusema kwamba mtoto huyu akitumwa maji alichelewa kuliko wenzake wote, wala si kwa mchezo, bali kwa kuwa alilala kifudifudi penye kijito akichungulia ndani ya ufa wa jiwe, na alipochapwa aliuliza, huku akilia, kwa nini kisima cha jirani hukauka mwezi wa Januari na chao hakikauki, hali mvua ni moja.

Alianza shule ya msingi hapo hapo Fort Ternan mwaka wa 1981, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 1988, akaenda shule ya upili ya wasichana mjini Kericho kuanzia 1989 hadi 1992, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea jiolojia, elimu ya mawe na ardhi, darasa ambalo wasichana walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Alihitimu mwaka wa 1998, na katika mwaka huo huo aliajiriwa katika idara ya maji ya serikali, akapewa kazi ya kuchunguza maji yaliyo chini ya ardhi katika Kericho na Bomet, kazi ambayo hakuiacha hadi ugonjwa ulipomwachisha.

Kazi hiyo wengi waliiona bila kuielewa. Walimwona Drusilla akiwa na buti za mpira, akiteremsha kamba ndefu ndani ya kisima, akijaza chupa ndogo na kuzibandika majina, akigonga mwamba kwa nyundo kando ya barabara kama mtu aliyepoteza kitu, na huko Siongiroi watoto walimwita Mama Mawe. Alichokuwa akitafuta ni mambo matatu, maji yako wapi, yametoka wapi, na yana nini ndani yake. Aliwaeleza wakulima kwamba nchi yetu hii imejengwa kama chapati zilizopangwa katika sahani, lava juu ya lava, na katikati ya chapati moja na nyingine kuna udongo wa kale na majivu ya volkano, ambamo maji hupita polepole hadi yapate mlango wa kutokea. Alisema mvua inayonyesha juu ya majani chai huku kwetu haiishi hapa, nyingine huzama, ikaenda chini kwa chini, na huenda atakayeinywa huko mbali bado hajazaliwa.

Katika baraza moja la Siongiroi, mwaka wa 2009, alipowaeleza wazee kwamba maji ya kisima chao kirefu yana madini mengi yanayofanya meno ya watoto kuwa ya kahawia na mifupa kuwa dhaifu, mzee mmoja alisimama akamwambia, "Binti yangu, maji haya yametoka chini kabisa, hayajaguswa na mtu, yatakuwaje mabaya?" Drusilla akamjibu, "Mzee, maji ni kama mgeni, akikaa sana nyumbani kwa mtu hataondoka mikono mitupu, na haya yamekaa katika mwamba miaka mingi." Wazee walicheka, na kabla ya mwaka kuisha walikubali kisima hicho kiwe cha kunyweshea ng'ombe na kufulia, na watoto wakatengewa maji ya mvua katika tangi la shule.

Drusilla alifunga ndoa kanisani na Mathew Ogoti siku ya Jumamosi, tarehe 14 Desemba 2002, hapa Kapkatet. Mungu aliwajalia watoto wawili, Esnah, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 2004, na ambaye leo ni mwanafunzi wa uuguzi, na Zack, aliyezaliwa tarehe 9 Mei 2006. Mama mkwe wake, Mama Nyakerario, alimpokea si kama mke wa mwana bali kama mwana, akawa ndiye aliyebaki na watoto hao Drusilla alipokuwa katika visima vya watu.

Sasa tunafika mahali ambapo familia ingependa kupita upesi, lakini marehemu hakupenda kitu kirukwe. Mwezi wa Agosti 2011, Drusilla akiwa Chepalungu kwa kazi, Zack alishikwa na homa ya matumbo, akapelekwa hospitali, madaktari wakafanya kila waliloweza, na Jumapili tarehe 21 Agosti mtoto akatutoka, akiwa na umri wa miaka mitano. Alizikwa upande wa kushoto wa nyumba, karibu na uwanja ambapo nyanya yake huanika nafaka ya wimbi. Watu waliokuja kufariji walisema ni mapenzi ya Mungu, naye Drusilla aliitikia kwa heshima, lakini baada ya matanga alichukua chupa zake ndogo, zile alizokuwa amezibeba hadi kila kijiji cha Bomet, akateremka nyuma ya nyumba hadi chemchemi ambayo boma hili na majirani wote wamekunywa tangu tulipokuja kukaa hapa, akachota. Alikuwa hajawahi kuipima. Ilikuwa baridi, ilikuwa angavu, na ilikuwa ya nyumbani.

Majibu yalipotoka yalionyesha kwamba maji hayo yalikuwa na vijidudu vya kinyesi. Mathew anasema mkewe hakulia siku hiyo, aliketi tu na karatasi mapajani hadi ng'ombe wakakamuliwa na wengine, kisha akasema neno moja, kwamba alikuwa amepima maji ya kila mtoto isipokuwa wake. Hakuna aliyemlaumu katika boma hili, hata siku moja, ila yeye mwenyewe.

Baadaye, wakati wa masika ya mwaka wa 2012, alichimba shimo upande huo wa kushoto, kati ya kaburi la Zack na safu ya vyoo vya majirani walio juu yetu, akamimina humo maji na rangi maalumu isiyodhuru mtu wala mnyama, ili ajue yanakwenda wapi. Alikusudia kuwaarifu majirani wasishtuke, akamwarifu kila mtu ila Mama Chepkosgei, aliyekuwa amekwenda Bomet kwa dada yake na kurudi usiku. Siku ya tatu asubuhi Mama Chepkosgei alipanda mlima kutoka chemchemi na mtungi kichwani, akapiga kelele kutoka langoni, "Mama Esnah! Hii maji imekuwa kijani kama sukuma wiki! Mumemwaga rangi ya nyumba huko juu ama ni shetani ameamkia kwangu?" Drusilla alitoka mbio, akautazama mtungi ule, na hapo ndipo alipolia, mbele ya jirani yake, naye Mama Chepkosgei, asiyejua bado amekosea nini, akautua mtungi na kumshika, akisema, "Basi, basi, mimi nitachota tu pengine."

Kwa rangi hiyo ilijulikana kwamba udongo wetu mwekundu, ujapokuwa na kina, una mwamba wenye nyufa chini yake, na kila kinachozikwa au kuchimbiwa upande huu wa barabara huteremkia chemchemi, na kila kilicho ng'ambo ya barabara, kuanzia mgongo wa kilima, hufuata bonde jingine ambako hakuna mtu anayechota. Drusilla alizunguka boma moja baada ya jingine akiomba vyoo vihamishwe ng'ambo, na hilo watu walilikubali, chemchemi ikaanza kusafika, lakini alipoomba pia kwamba tusiendelee kuzika upande wa chemchemi, hapo alikuwa amegusa mahali pagumu, maana mtu wetu huzikwa penye nyumba yake, na kumvusha barabara ni kama kumfukuza.

Wa kwanza aliyepatwa na mtihani huo alikuwa jirani yetu Bwana Jonah Gichana, aliyefiwa na baba yake mwezi wa Juni 2017. Alikubali kumzika mzee ng'ambo, kati ya mashina ya majani chai, lakini alikubali kwa uchungu, na baada ya mazishi alimwambia Drusilla mbele ya waombolezaji, "Mwalimu wa maji, leo umemtoa baba yangu mlangoni pake. Siku yako ikifika tutaona kama utavuka, au utalala na mwanao." Drusilla akamjibu, "Nitavuka, Jonah. Na wewe uje na jembe." Tangu siku hiyo wawili hao walisalimiana kwa adabu, wala hawakuzungumza zaidi ya salamu.

Katikati ya hayo yote Drusilla aliendelea na masomo, akapata shahada ya uzamivu mwaka wa 2015 kwa utafiti wake juu ya namna mvua ya ukanda wa majani chai inavyoingia ardhini, na vijana aliowafundisha wako hapa leo na buti zao.

Mnamo Septemba 2023 alianza kuona taabu ya kumeza, na madaktari wakagundua saratani ya koo, ugonjwa uliowachukua wengi katika sehemu zetu hizi. Alitibiwa Kapkatet, kisha Eldoret, akapata nafuu mwaka uliofuata, lakini mwezi wa Julai mwaka huu ugonjwa ulirudi kwa nguvu. Mwishoni hakuweza kumeza hata maji. Mama Nyakerario alikuwa akichota chemchemini, akayachemsha, akayapoza, akamlowesha midomo kwa kijiko, na mgonjwa alifumba macho kama mtu anayesikiliza.

Kwa desturi zetu mwenye boma ndiye anayeonyesha mahali pa kaburi, na mke wa mwana hazungumzi na baba mkwe wake juu ya mambo kama hayo, kwa hiyo Drusilla alimtuma Mama Nyakerario ampelekee Mzee Ogoti ombi lake la kuvushwa barabara. Mama alikataa kwanza. Alimwuliza, "Na Zack atabaki na nani?" Drusilla, ambaye wakati huo sauti yake ilikuwa imebaki ndogo sana, alimwambia, "Atabaki na wewe, Mama, ukianika wimbi. Lakini siku yako usije ukasema umechoka kuvuka." Mama alicheka huku akilia, akaenda akalisema ombi hilo, naye Mzee Ogoti alijibu kwamba amesikia, basi.

Dkt. Drusilla Gesare Ogoti aliaga dunia Jumanne tarehe 4 Novemba 2025, alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, mkono wake ukiwa katika mkono wa Esnah.

Familia haitawaficha kwamba wiki hii boma liligawanyika. Mathew alitaka mkewe alale na mtoto wao, akasema kaburi moja halitaua kijiji, na ni nani angeweza kumkatalia? Juzi asubuhi Mzee Ogoti alichukua jembe, akasimama upande wa kushoto wa nyumba penye kaburi la mjukuu wake, akasimama muda mrefu kiasi kwamba Mathew aliamini mambo yameamuliwa, kisha akaligeukia lango, akavuka barabara kwa hatua zake za uzee, na Mathew akamfuata, akamshika mkono kwenye mtaro.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kapkatet na wa Eldoret, inawashukuru wafanyakazi wenza wa marehemu, Mama Chepkosgei aliyepika tangu siku ya kwanza, kanisa, na ninyi nyote. Inamshukuru kwa jina Bwana Jonah Gichana, ambaye Mzee Ogoti na Mathew walipofika ng'ambo siku hiyo walimkuta amekwisha kufika, amesimama karibu na kaburi la baba yake, na jembe begani. Hakuna aliyemwita. Alisema tu, "Aliniambia nije," akaanza kung'oa mashina ya majani chai, na kaburi mtakaloliona sasa ni kazi ya mikono yake kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Chai mliyokunywa asubuhi hii imepikwa kwa maji ya chemchemi ya nyuma ya nyumba, na hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza kama ni safi.

Tutatoka kwa lango, tutavuka barabara. Pumzika, Gesare. Zack tutamtunza upande huu.