Mche wa Kupanda Kwenye Programu

Bwana asifiwe! Ai, hiyo ni ya watu ambao hawajakunywa chai. Bwana asifiwe, watu wa Kimbo! Sasa nimesikia. Kaeni, lakini msikae sana, kwa sababu leo nimekuja kumshukuru Mungu na pia nimekuja kuringa kidogo. Pasta ameshaniangalia. Pasta, nisamehe, nitaringa ndani ya Bwana.

Kwa wale hawanijui, mimi ni Mama Ciku. Nimezaliwa Thika, nikaolewa Ruiru, nikaokoka hapa hapa wakati kanisa hili lilikuwa mabati matupu na mvua ikinyesha mahubiri yanasimama. Kazi yangu ni uwekezaji. Najua mkisikia hilo neno mnafikiria ploti. Mimi sina kiwanja cha kumuuzia mtu. Mimi naweka pesa kwa programu za kompyuta, na si zile za watoto kuchezea kwa simu. Naweka kwa zile kampuni inatumia kufanya kazi: kujua stoo imebaki na nini, lori gani itoke, mzigo wa nani uingie wapi. Vitu vya kuchosha! Hakuna mtu atapiga nayo picha. Na mimi huingia mapema, wakati kampuni yenyewe ni vijana wawili, meza moja, na shida ya mtu mwingine ambayo wamekataa iendelee kuwa shida.

Ndugu zangu, nilitolewa wapi? Nilikuwa muuzaji. Miaka mingi nilizunguka viwandani nikiuza programu za watu wengine, na nilijua kuuza, wacha niseme ukweli. Meneja alikuwa akiniona mlangoni anaanza kutafuta kalamu ya kutia sahihi. Lakini nilikuwa na tabia moja, narudi baadaye kusalimia watu. Na nikirudi, mara nyingi sana nilikuta ile kompyuta imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mnakijua, kama cha viti vya sebuleni, cheupe, kina maua pembeni. Juu yake kuna thamosi ya chai. Mkubwa alinunua, wafanyakazi wakafunika, kazi ikaendelea vile ilikuwa.

Hicho kitambaa ndicho kilinifundisha kazi ninayofanya leo. Mtu akiniletea programu yake niweke pesa, simwangalii yeye kwanza, hata kama ameongea Kizungu kikaniingia kwa mifupa. Naenda kwa mteja wake. Nakaa juu ya gunia, naangalia kitu kimoja: mambo yakiharibika hapa, nani anapigiwa kelele? Nikishamjua, namfuata namuuliza, ukinyang'anywa hii programu kesho asubuhi, utafanya nini? Akiniambia itakuwa tu sawa, nachukua mkoba wangu naenda zangu. Lakini akikasirika kwa kuulizwa tu, hapo nakaa! Hapo hata chai nitaitisha.

Basi nikaacha kazi ya watu nikaanza yangu. Woi! Kicheko nilichochekwa Ruiru hii kingejaza tangi. Ati Mama Ciku ananunua hewa. Mama mkwe wangu, ambaye yuko hapa mbele na ananipenda, aliniuliza kwa upole kabisa kama hiyo hewa inakuja na hati ya ardhi. Leo anacheka. Wakati huo hakucheka, alikuwa anauliza kweli.

Na hapo Mungu akanipa kibali kwa watu ambao sikutarajia. Unaona wale akina mama wa vitambaa vya zambarau? Chama chetu. Wale wamenunua ploti kutoka Mwiki mpaka Witeithie, na ukitaka kujua mwenyekiti wao ni nani, tafuta yule haketi mpaka wengine wameketi. Mama Nyokabi. Hao ndio waliniambia, Mama Ciku, tunakujua ulivyo, weka sehemu ya pesa yetu kwa hiyo kitu yako. Nikaweka kwa Njeri na Brayani.

Njeri na Brayani walikuwa wametengeneza programu ya viwanda vya chakula cha mifugo. Zamani mwenye agroveti, lile duka la dawa na chakula cha mifugo, anapiga simu kiwandani Thika, simu inashikwa na yeyote aliye karibu, na lori linatoka na maombi tu. Mtu wa ng'ombe analetewa gunia za kuku. Mtu wa kuku anakaa siku mbili bila chakula, kuku zinamwangalia. Sasa hawa vijana wakafanya agroveti iagize kwa simu yake, kiwanda kione, na lori lipakiwe kulingana na njia litakayopita. Nilikaa kwa kile kiwanda juu ya gunia zangu karibu wiki nzima kabla ya kuwapa jibu. Nilikuwa na uhakika, ndugu zangu, uhakika ule wa kulala usingizi.

Lakini mnajua desturi yetu. Chama hakiachi pesa yake mahali bila kwenda kuona. Tunakodisha gari, tunavaa gambuti za kukanyagia matope, tunazunguka ploti mpaka kila mtu amekanyaga bikoni, lile jiwe la mpaka, kwa mguu wake. Halafu tunaomba, tunapanda mti pembeni, tunakula chapati. Sasa wakaniambia, Mama Ciku, tunataka kuenda kuona. Na mimi, bila kufikiria, nikasema karibuni.

Wakaja! Na gambuti! Walipanda ngazi za ofisi ya Njeri na Brayani, juu ya ile duka ya misumari na saruji hapo steji ya matatu, kwap, kwap, kwap, na vikapu vya chapati, na mbele yao Mama Nyokabi amebeba mche wa ovakado kwa karatasi. Wakaingia ndani. Wakakuta meza, kompyuta mbili, Njeri, Brayani, na ukuta. Wakaangalia huku, wakaangalia kule. Mama Nyokabi akaniuliza, "Mama Ciku, iko wapi?" Nikamwonyesha kompyuta. Akauliza tena, "Hapana, ile yenyewe. Iko wapi?" Brayani maskini akaanza kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kupotea. Chapati zilirudi nyumbani hazijafunguliwa. Mama Nyokabi alishuka ngazi na mche wake, akasema kwa sauti ya chini lakini nikamsikia, "Mti haupandwi hewani."

Ndugu zangu, neno hilo liliniuma. Kwa mkutano uliofuata wakaamua: wakikutana tena, watatoa pesa yao, kuna ploti wameona. Na walikuwa na haki, tulikubaliana hivyo tangu mwanzo. Lakini mimi nilijua kile wao hawakujua. Hiyo pesa ikitoka, Njeri na Brayani wanafunga ofisi, kwa sababu walikuwa na kiwanda kimoja tu, na cha pili kilikuwa bado kinasitasita kununua. Mtoto alikuwa ameanza kusimama, na sasa anaondolewa kiti alichoshikilia. Na mimi nitabaki nani hapa Ruiru? Yule wa hewa.

Nilifunga kula, nikaomba. Nililia hapo nyuma, karibu na ile spika mbovu, wengine wenu mlinipita mkadhani ni mambo ya nyumbani. Nilimwambia Mungu, wewe ndiye ulinitoa kwa kazi ya watu, sasa nisimamie. Na nikiwa hapo chini nikasikia moyoni swali, wazi kabisa: mbona uliwapeleka kwa meza? Wewe mwenyewe huanzaga wapi? Haki nilikaa kitako! Kazi yangu yote ni kwenda kwa mteja, na watu wangu wenyewe nimewapeleka kuona ukuta!

Nikaenda kwa Mama Nyokabi nikamwomba siku moja tu. Akaniangalia mpaka nikainama. Akasema, "Tutakuja. Lakini ni ya mwisho."

Nikachagua Jumatatu asubuhi, wakati kile kiwanda cha Thika kina pilika. Meneja pale ni Bwana Karanja, mtu mgumu, hajawahi kusifu hata mvua. Akina mama wakaketi juu ya magunia, gambuti zimepangwa mstari. Malori yamejipanga, wapakiaji wanaitana, Njeri yuko kando yangu akiwaelezea. Nikaanza kujisikia vizuri. Na hapo hapo, mbele ya chama kizima, sistimu, ile programu yenyewe, ikazima. Kioo cha kompyuta cheupe. Hakuna kitu!

Njeri alitoa simu ampigie Brayani. Mimi nilisema kwa roho, Bwana, kesho. Kesho iharibike vile inataka, lakini si leo! Nikaona akina mama wanaangaliana. Mama mmoja akaanza kukunja leso yake, kama mtu anayetaka kuenda. Nilitamani lile gunia linimeze.

Halafu, ndugu zangu, sikilizeni kazi ya Mungu. Wapakiaji wakasimama, mikono kiunoni, hawajui gunia gani iende wapi. Madereva wakaanza kupiga honi. Simu ya Karanja ikalia. Akaishika, nyingine ikalia. Mwenye agroveti wa Mwiki anapiga kelele, wa Witeithie anapiga kelele, oda yangu imeenda wapi, nilikuwa naiona sasa hivi! Karanja akatoka ofisini mbio, yule mtu mgumu, akamwendea Njeri.

"Rudisha! Wewe msichana, rudisha hiyo kitu saa hii!"

Njeri akamwambia kwa heshima, "Tunaweza kuandika kwa mkono kwanza, vile mlikuwa mnafanya."

"Kwa mkono? Nani atarudi huko? Ngai! Unataka nirudi Misri?"

Mama Nyokabi akainuka. Taratibu, vile huinuka. Akamfuata Karanja na gambuti zake, akamuuliza swali ambalo sikumfundisha, naapa sikumfundisha. "Baba, na hii kitu ikifa kabisa?" Karanja akamwangalia kama anayeulizwa na mtoto. Akasema, "Mama, ikifa, hata mimi nitafutieni kazi ingine."

Haleluya! Mimi nilikuwa nimejitayarisha kuwaeleza akina mama kwa maneno matamu. Mungu akanifunga mdomo, akazima sistimu, akaacha mteja mwenyewe alie mbele yao. Kwa wale wanapenda kujua, ni watu waliokuwa wanachimba barabara walikata waya wa mtandao, na Brayani hapa Kimbo aliirudisha kwa njia ingine kabla chai ya akina mama haijapoa. Ilipowaka, wapakiaji walipiga makofi. Wapakiaji! Miaka yangu yote ya kuuza sijawahi kuona mtu akipigia programu makofi.

Mama Nyokabi akanijia. Nilidhani atanikumbatia, mnamjua, hakunikumbatia. Akasema, "Huku ndiko ungetuleta kwanza." Nikasema, kweli, mama. Akasema, "Sasa nimekanyaga bikoni." Halafu akaenda kwa gari, akainama chini ya kiti, na akatoka na kitu kwa karatasi.

Ule mche. Ule ule wa ovakado.

Ndugu zangu, fikirieni. Mtu ambaye ameshaamua kutoa pesa yake habebi mche mara ya pili. Wakati mimi nilikuwa hapo nyuma nalia nikidhani nimebaki peke yangu, huyu mama alikuwa nyumbani kwake akiumwagilia maji. Alikuwa amenikasirikia na bado anaumwagilia maji! Tuliupanda kando ya geti la kiwanda, Karanja mwenyewe akachimba shimo, akisema anafanya tu kwa sababu tunamchelewesha.

Na leo? Leo acha niringe. Kile kiwanda cha pili kiliingia, na kingine nyuma yake, na sasa Njeri na Brayani wako na viwanda mpaka Murang'a na Nakuru. Wametoka kwa ile chumba, wako na orofa nzima. Mimi nimeingia kwa kampuni zingine changa, za stoo, za vipuri, za mashamba ya maua, na chama hiki kimeingia pamoja nami. Na kimekuwa kikali kuliko mimi! Kijana akija na programu yake, akaeleza, akamaliza, Mama Nyokabi anamwambia, "Sawa. Sasa zimeni tuone." Wanaenda kwa mteja, wanazima asubuhi moja, wanakaa kwa magunia wanasikiliza. Kukiwa kimya, hakuna anayelilia programu, wanarudi na chapati zao na pesa yao. Nimesikia wawekezaji wa Nairobi wakizungumza mambo marefu sana, na kwa jina la Yesu, sijasikia mbinu inayoshinda hiyo.

Kwa hivyo namshukuru Mungu, nawashukuru nyinyi, namshukuru mama mkwe wangu ambaye juzi ameniuliza kama kuna hewa imebaki. Na wewe uliyekaa huko nyuma, ambaye ulienda mahali na imani yako yote, ukakuta ukuta, watu wakacheka, nataka nikuambie neno moja niketi. Najua ulirudi nyumbani na mche wako mkononi. Usiutupe. Uweke pahali pana mwanga, uumwagilie maji hata kama umekasirika. Siku Bwana akikuita mara ya pili, uubebe tena.

Amina. Mama Nyokabi, simama basi wakuone. Simama, usione haya.