Injini Zizimwe Ukutani kwa Watoto: Risala ya Akina Mama wa Moshi Kidogo

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa kampuni ya kusafirisha mizigo. Afisa wa mradi wa majiko, binti yetu. Mlezi wa watoto. Bwana Filimbi, mlinzi wa geti. Madereva mliobanana hapo mlangoni kama mnasubiri kupakiwa. Na akina mama wenzangu:

Shikamooni wakubwa wote. Mgeni rasmi, karibu sana. Kiti chako ni hicho chenye mto. Mto huo ameushona Mama Pacha kwa mkono wake, na ametuambia ukiondoka bila kuusifia atanuna mpaka mwakani.

Wenzangu wamenituma nisome kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo ukikuta neno limekaa upande, lisogeze tu. Tuna shukrani nyingi, na nyuma ya shukrani tuna onyo. Usishtuke. Ni onyo la mama, lile la kumwambia mtu avae sweta.

HISTORIA YETU

Sisi ni wakazi wa upande huu wa ukuta. Upande wa pili ni barabara ya kuingilia bohari yenu, ambako malori yanapanga foleni na makontena yaliyoshushwa melini. Chumba hiki tulichokaa ndimo watoto wetu wadogo wanamoshinda wakati sisi tuko kazini: kuna wafuaji hapa, kuna washonaji, kuna wauza mboga, na mimi nafagia ofisi.

Binti yetu wa mradi alipokuja mara ya kwanza alitukalisha hapahapa. Akatueleza kuwa meli zenu na malori yenu yanatoa moshi unaoharibu hali ya hewa ya dunia nzima, na kwamba wateja wenu wanatoa nyongeza kidogo ili moshi huo ufidiwe. Nyongeza hiyo ndiyo inayonunua majiko yanayokula kuni chache. Moshi ambao hautoki tena jikoni kwetu unafidia ule uliotoka kwenye mizigo yenu.

Mama Pacha akanyoosha mkono. "Kwa hiyo mimi nikichemsha maharage yangu, meli inasamehewa?"

"Haisamehewi, mama. Inafidiwa."

"Basi haya maharage nilikuwa nayadharau bure."

Tukapewa majiko. Na hapa lazima tucheke wenyewe kabla hujatucheka. Yalikuwa mazuri mno, yanang'aa, yana vishikio kama vya masufuria ya harusi. Tukayaweka sebuleni, tukayafunika vitambaa, tukaendelea kupikia mafiga yetu. Binti alipokuja kukagua akafunua kitambaa nyumbani kwa Mama Pacha.

"Mama, jiko mbona jipya hivi?"

"Lazima liwe jipya, mwanangu. Sijaligusa."

"Unalitunzia nini?"

"Wageni."

"Mgeni ni mimi, mama. Washa."

Akawasha. Tangu siku hiyo hakuna aliyerudi nyuma.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, majiko yanafanya kazi, na atakayekuambia vinginevyo mlete hapa. Mzigo wa kuni uliokuwa unaisha kabla hatujapumzika, sasa unakaa mpaka unatuzoea. Kuta za jikoni tulizipaka chokaa na bado ni nyeupe. Mama mkwe wangu zamani akitoka jikoni na machozi alikuwa anasema ni moshi. Sasa akitoka na machozi tunajua ni hasira, na tunaulizana nani kamkosea. Kwa hilo peke yake mimi nakushukuru wewe na meli zako.

Pia tumeanzisha kikundi, tumekipa jina la Moshi Kidogo, na tunawafundisha wa mtaa wa pili namna ya kuwasha bila kupuliza mpaka kichwa kizunguke.

CHANGAMOTO

Moshi tulioutoa jikoni umetuzungukia dirishani.

Ukitazama hapo kushoto kwako utaona dirisha limefungwa, na juu ya kufungwa limezibwa matambara. Nje yake, umbali wa mkono mmoja tu, ndipo malori yanaposimama. Yanasimama yakiwa yanaunguruma, asubuhi mpaka jioni. Tukifungua, watoto wanakohoa. Tukifunga, wanatoka jasho kama wanacheza mpira. Mlezi wao anasema siku hizi hawafundishi nyimbo, anawaonyesha midomo tu, kwa sababu hawasikii.

Kitindamimba wangu yumo humu. Kifua chake usiku kinapiga mluzi. Daktari wa zahanati alinishika bega akasema, "Mama, huyu usimpikie karibu na moshi." Nikamwambia sipiki karibu na moshi, nina jiko la mradi. Akauliza, "Sasa moshi anaupata wapi?" Moshi anaupata kwa mjomba wake.

Ndiyo, mdogo wangu wa tumbo moja ni dereva wa lori, na ndiye yule pale mlangoni anayejificha nyuma ya kofia. Nilimfuata kwenye foleni.

"Zima hiyo injini. Mpwa wako yuko nyuma ya ukuta."

"Dada, nikizima narukwa."

"Unarukwa na nani?"

"Na walio nyuma. Lori lisilotikisika, pale getini wanajua ni bovu au dereva kalala. Anaitwa anayefuata. Mimi niwe mpole, nilale barabarani?"

Nikaenda kwa Bwana Filimbi. Naye hakunificha. Alisema, "Mama, toka kwenye kibanda changu naona mabomba ya moshi tu. Linalotoa moshi liko tayari. Lisilotoa, nitajuaje?" Bwana Filimbi si mtu mbaya, mgeni rasmi. Chai yetu anaijua na watoto anawanunulia peremende. Lakini ndivyo foleni yenu inavyoendeshwa: asiyetoa moshi hana zamu.

Basi sisi tukakaa, tukafikiri kama watu wa jikoni. Mama Pacha akaleta miko yake ya mbao, kila mwiko akauchora namba yake kwa chuma cha moto. Tukasimama mwanzo wa foleni. Lori likifika, dereva anapewa mwiko wenye zamu yake, anazima, anashuka, anakunywa chai mpaka zamu ifike. Madereva walitucheka sana. Mmoja aliniuliza, "Shemeji, nikifika getini nisonge ugali?" Lakini wakazima, mmoja mmoja, mpaka lori la mwisho.

Mgeni rasmi, palitulia. Hatukuwahi kusikia utulivu ule mahali hapa. Mlezi akafungua dirisha, na watoto, ambao hawakujua tumefanya nini, wakaendelea na wimbo wao. Safari hii sauti ikatoka nje. Madereva wakageuka na vikombe mkononi. Dereva mmoja mtu mzima, tunayemwita Babu Breki, akauliza, "Kumbe hapa kuna watoto?"

Anapita hapa miaka yote. Hakuwahi kujua. Alisogea dirishani akaimba nao ubeti uliofuata, vibaya kabisa, na watoto wakamcheka.

Ilipofika mchana lori moja lilikuja, dereva akakataa mwiko, akapita pembeni injini ikiunguruma. Bwana Filimbi akaona moshi, akamfungulia. Wenye miko wakatazamana. Mdogo wangu akanirudishia mwiko akasema, "Dada, samahani." Injini zikawaka moja baada ya nyingine. Mlezi akafunga dirisha.

Bwana Filimbi alituambia yeye yuko tayari kufuata miko, au tiketi, au chochote, ila apewe neno na mkubwa wake. Mkubwa wake ni wewe. Ndiyo maana ya mto.

MAOMBI

Hatuombi majiko mengine. Hatuombi ukuta mrefu zaidi wala foleni ihamishiwe kwa watoto wa wenzetu. Tunaomba umpe Bwana Filimbi neno, leo, mbele yetu: zamu iende kwa namba, na anayesubiri azime.

Na onyo letu ni hili. Usije ukalala usingizi mzuri kwa kuwa moshi wako umefidiwa. Fidia ni kweli, sisi wenyewe tunaipika kila siku na tutaendelea. Labda mbingu zinajua kujumlisha, moshi unaotoka huku na usiotoka kule. Kifua cha mtoto hakijui. Chenyewe kinavuta kilichopo dirishani. Usisubiri mpaka tukualike hapa kwa jambo lingine, tukiwa hatuna hamu ya kushona mito.

ZAWADI

Tumekuandalia mwiko. Hauna namba, umeandikwa MGENI.

Risala hii niliiandika jana, kwa hiyo sijui gari lako umeliacha wapi. Ila wageni wote waliowahi kuja, madereva wao hubaki garini na injini ikiwaka, ili ubaridi wa ndani usipotee, na mahali penye kivuli ni hapo tu dirishani. Kama leo si hivyo, tusamehe. Kama ni hivyo, tunakuomba umtume mtu ampelekee dereva wako mwiko huu, umwambie chai iko tayari. Madereva wa foleni wamekubaliana na mdogo wangu: gari lako likizima, na wao wanazima.

Watoto wamekuandalia wimbo. Safari hii wataimba kwa sauti, siyo kwa midomo tu. Mlezi sasa ataondoa matambara na kuweka mkono kwenye komeo.

Mungu akujalie usafiri salama, barabarani na baharini, mizigo yako ifike, wanao wapumue vizuri, na wetu pia.

Tumemaliza kusoma. Watoto hawataanza kuimba mpaka pawe kimya.

Ni sisi,
Akina Mama wa Kikundi cha Moshi Kidogo,
upande huu wa ukuta.