Mikono ya Mama Aleyamma

Wapendwa waombolezaji, nasoma mimi mkwewe, Bincy, maana mume wangu Jolly angelia kabla ya kumaliza mstari wa kwanza.

Mama yetu, Aleyamma Kuriakose, alizaliwa tarehe 9 Machi 1952 karibu na Pala, Kerala, mtoto wa sita wa Ouseph, mgema wa utomvu wa mpira, na Rosamma. Alisoma kwa masista hadi darasa la kumi, akaacha huko sifa ya hesabu safi na mdomo usiolala.

Alikuwa mpishi wa hosteli ya wasichana mpaka alipostaafu. Aliyebakiza samaki wake wa nazi aliulizwa, "Binti, nikuitie daktari au kasisi?"

Tarehe 17 Mei 1975 alifunga ndoa na Kuriakose, seremala mpole kupita kiasi, wakajaliwa Jolly na Sheeba.

Mwaka 2016 alipewa antibiotiki za kuua vijidudu vya tumbo. Mara mikono yake ikaanza kuvilia damu. Kijiji kikakata shauri: Kuriakose anapiga mke! Akanyimwa hata heshima ya kubeba mwavuli wa hariri kwenye maandamano ya sikukuu ya kanisa. Maskini Baba!

"Huyu?" Mama alifoka. "Mende akipita jikoni ananiita mimi!"

"Haya, shoga. Wote huwa tunajigonga mlangoni," alijibu jirani yake, Annamma, bila kuamini hata neno moja.

Fizi zilipoanza kutoka damu tulimkimbiza hospitali. Daktari alisema dawa mojawapo ilikuwa imeangusha chembe zinazogandisha damu, jambo linalowapata watu wachache sana. Ikasimamishwa papo hapo. Annamma akaja kumwombea, akamkamata mkono kwa nguvu zote za imani yake. Hata chai haijaisha, vidole vyake vimejichora pale, vya zambarau.

"Uwii, Annamma! Kumbe na wewe ni mume wangu?" Mama alicheka mpaka nesi akamkanya. Jumapili iliyofuata Annamma alisimama mbele ya kanisa zima, akamwomba Baba radhi. Mama akapona kabisa.

Tarehe 2 Novemba 2024 moyo wake ulisimama akiwa usingizini. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne, na Annamma, ambaye sasa hana wa kugombana naye.

Asubuhi hii tulimpa Baba rozari amfunge Mama mkononi. Akailegeza, akailegeza tena. Nikamwambia, "Baba, kaza kidogo, itaanguka."

Akasema, "Siwezi, mwanangu. Nitamwachia alama."

Lala, Mama. Amani ya Bwana ikupokee.