Intakula Itakula Nini?

Kijiwe cha nyuma ya stendi ya Bunda hakijawahi kukosa mtaalamu. Ugonjwa ukipita pale kina madaktari, kesi ikipita kina mawakili, na mvua ikichelewa kuna watu wanaomjua kabisa aliyefunga bomba huko juu. Benchi ni mbili na birika la kahawa ni moja, la Yunis, ambaye ndiye mtu pekee pale anayefanya kazi. Alhamisi ile, saa kumi alasiri, bei ya pamba iliachwa na mpira ukaachwa, kwa sababu Baltazari alikuwa ameweka dude juu ya benchi: la alumini, ukubwa wa sinia, lina mapezi membamba yaliyopangana, mdomo mmoja huku na mwingine kule. Alilipata Mwanza kwa mtu anayechinja magari mabovu, wakabadilishana kwa beberu. Gari lenyewe, la dizeli, la mwaka tisini na mbili, lililoandikwa TURBO ubavuni kwa herufi kubwa kuliko taa zake, lilikuwa limeegeshwa ng'ambo ya mtaro.

— Umesema hii inaitwaje? aliuliza Wambura. Huyu wanamwita Zizi, maana hakuna jambo duniani asilolipitisha kwanza kwenye zizi la ng'ombe.

— Intakula, alisema Baltazari.

— Itakula nini?

— Hailagi kitu, Zizi. Intakula. Ni jina lake.

— Kitu kinaitwa itakula halafu hakili? Na beberu lako liko wapi?

Benchi zote mbili zikacheka. Baltazari hakucheka, wala hakuwa na sababu ya kucheka.

Wiki tatu nyuma alikwenda Butiama kumchukua mama mkwe wake, Bibi Petronila, aje kumwona mjukuu aliyezaliwa. Kwa Baltazari heshima ya ukwe haina mchezo. Mtu na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawatazamani usoni, wala hawasemeshani ana kwa ana. Neno likiwepo, hutumwa mtu wa katikati. Siku hiyo shemeji aliyekuwa awasindikize aliamka na malaria, wakabaki wawili tu, mkwe kwenye usukani na mama kiti cha nyuma kabisa, kimya kama kanisani. Mlango wa gari ulipofungwa tu wakaanza kilima. Gari likalia, likanuka kuungua, likaenda mwendo wa kinyonga, mwisho likagoma. Baltazari akasikia mlango wa nyuma unafunguka. Kwenye kioo akaona kitenge: Bibi Petronila, mwenye miaka sitini na nane, ameweka bega kwenye buti anasukuma.

Walifika juu hivyohivyo. Baltazari akasimamisha gari, akangoja mama apande na kutulia, akaondoka tena, na kutoka hapo mpaka Bunda gari halikusumbua hata kidogo. Lakini habari ilikuwa imeshatangulia. Sasa Jumapili hii mtoto anabatizwa, na Jumamosi alitakiwa kwenda kumchukua bibi yuleyule, kwa kilima kilekile. Alikuwa amejiapiza moyoni kwamba akisukumwa na mama mkwe mara ya pili, atahama Bunda, akalime Kibara kusikojulikana jina lake.

— Mimi tatizo nimelijua, alisema. Ni joto. Injini ilipata moto, ikanuka kabisa. Tulivyosimama pale juu ikapoa, ikawa nzima. Sasa hii kazi yake ni kupoza.

— Kupoza nini? alisema Makongoro, akaweka kikombe chini, na watu wakajua kipindi kimeanza. Alifundisha sayansi miaka thelathini na wanamwita Mwalimu Hewa. — Haipozi injini, Baltazari. Inapoza hewa. Florian, wewe ukijaza upepo tairi ya baiskeli, pampu inakuwaje?

— Inachemka, alisema Florian.

— Kwa nini inachemka?

— Ya Kichina.

— Hapana! Hewa ukiisonga inapata moto. Turbo nayo ni pampu, inaisongaga hewa kuiingiza kwenye injini. Hewa ikiwa ya moto imetanuka, kwa hiyo inaingia kidogo. Ukiipoza inasinyaa, inaingia nyingi, dizeli inaungua vizuri, nguvu inaongezeka. Basi. Hewa.

Ilikuwa ndiyo sentensi ya mwisho ya kweli iliyosemwa kijiweni siku ile, na Baltazari akaishika kama mtu aliyetupiwa kamba.

— Kwa hiyo itapanda?

— Itapanda, alisema Florian, kabla Mwalimu hajafungua mdomo. Florian anashona mipira ya baiskeli, ila kwa kuwa aliwahi kumshikia fundi tochi kule Mwanza, mwezi mzima, wanamwita Injinia. — Itapanda sana. Kazi ni pa kuiweka. Mimi naona tutoboe boneti.

— Utoboe boneti yangu?

— Tundu la kawaida tu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta hatuutaki, ndiyo maana tunatoboa.

— Ukitoboa juu mvua itaingia, alisema Zizi. Weka mbele ya rejeta. Ng'ombe anapoeaga wapi? Puani. Hujawahi kuona ng'ombe ana pua mgongoni.

— Ikikaa mbele itaiziba rejeta, ndipo injini ichemke kweli, alisema Mwalimu.

— Basi juu ya keria, alisema Injinia. Huko upepo ni wa bure. Tunashusha mabomba mawili, moja kila dirisha.

— Na mama mkwe atakaa wapi na mabomba?

— Katikati. Atapata ubaridi.

Baltazari alimwona Bibi Petronila kati ya mabomba mawili, kitambaa kichwani, akipulizwa. Akafunga macho. Yunis akamjazia kikombe bila kuulizwa.

— Upepo hautoshi, alisema Zizi. Kilimani mwendo ni mdogo, upepo utautoa wapi? Tia barafu. Kule Kibara sangara wanalala kwenye barafu siku mbili na wanafika viwandani wabichi. Hiyo itakula yako iweke ndani ya boksi la sangara.

— Intakula.

— Ndiyo hiyo. Ukianza kilima, unafungua boksi.

— Hapo sasa umesema! alisema Mwalimu, na Baltazari akashtuka, maana huyu ndiye aliyekuwa tegemeo lake. — Hewa ya barafu ni nzito mno. Nguvu ikija yote kwa mara moja, gari haiwezi kupanda kilima.

— Itafanya nini?

— Itakiruka. Haraka haraka haina baraka, lakini hapo huna uchaguzi. Utakanyaga mafuta Butiama, utafunga breki Bunda.

— Au aipite Bunda, alisema Injinia, aende kushukia ziwani.

— Na injini itashikwa na mafua, alisema Zizi. Ng'ombe ukimywesha maji ya baridi akiwa ametoka kukimbia, anakohoa wiki. Injini nayo itapiga chafya kilimani, nati zitoke moja moja. Hapo ndipo itakula kweli. Itakula kwako!

Kijiwe kizima kikaanguka. Hata Yunis, ambaye hucheka kwa mabega tu, alilitua birika chini.

— Lakini ukweli tuambizane, Zizi aliendelea, akijifuta machozi. Asiyefunzwa na mamaye husukumwa na mama mkwe.

Hilo lilimwingia Baltazari. Alisimama, akalifunga dude lake kwenye gunia.

— Nyie chekeni. Yule mama kanipa binti yake. Siku ya kutolewa mahari wajomba walikataa, wakasema mimi ni mtu wa maneno mengi, yeye ndiye alisema nipewe. Halafu mimi namlipa kwa kumtolea jasho barabarani, uzee huo. Mnafikiri mimi nalalaga?

Zizi akakohoa kidogo kwa aibu. Ndipo bodaboda ikasimama mbele ya mtaro.

Aliyeshuka alikuwa na kitenge na kapu lenye jogoo. Kabla hajavuka, alisimama kwenye gari la Baltazari, akaweka kiganja juu ya macho, akachungulia ndani kupitia kioo. Kisha akaja. Baltazari alipomtambua aliruka, akageukia ukuta kama mtoto aliyepewa adhabu. Bibi Petronila naye akawageuzia ubavu, akakalia kigoda alichopewa na Yunis.

— Yunis mwanangu, mwambie mkwe wangu namsalimu.

— Mkwe, mama anakusalimu.

— Mwambie shikamoo, Baltazari aliuambia ukuta.

— Anasema shikamoo, mama.

— Marahaba. Mwambie nimeona nije leoleo nisimsumbue, na nyumbani kwake nimeambiwa yuko hapa. Nimekuja na basi. Tumepanda kilima, na hakuna abiria aliyeambiwa ashuke.

Yunis akafikisha. Masikio ya Baltazari yakawaka.

— Halafu nina swali, alisema bibi. Mimi sijasoma, na hapa naona wamekaa wasomi. Kule nyuma mtu huna pa kutazama. Mkwe humtazami, kioo hukitazami. Siku ile mimi nilikuwa natazama ule mti mfupi ulio katikati ya viti vya mbele. Tumeondoka nyumbani, umesimama. Tunapanda, umesimama. Nimeshuka kusukuma, nimeuacha umesimama. Tulivyofika juu, nimepanda, yeye akaulaza, gari ikakimbia. Sasa hivi nimechungulia pale: gari imesimama, na mti umesimama. Nilitaka kuuliza siku ileile, lakini tulikuwa wawili tu, hapakuwa na wa kumtuma. Muulize, Yunis. Gari ikitaka kutembea, ule mti si unatakiwaga ulale?

Yunis akainuka kwenda kulisogeza birika.

Baltazari alikuwa anauona mkono wake mwenyewe, pale uani Butiama, kwenye mteremko, ukivuta breki ya mkono mpaka mwisho ili mama apande bila wasiwasi. Aliuona ukivuta. Kuishusha kabla ya kilima hakukuona popote. Akaisikia tena ile harufu ya kuungua, na safari hii akajua ilitoka kwenye magurudumu ya nyuma.

Swali lilibaki hewani, na Mwalimu Hewa hakuligusa. Alikuwa anasoma masimbi ya kahawa chini ya kikombe. Injinia aliinama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa kandambili. Zizi alitazama upande wa malisho ya ng'ombe. Jibu kila mmoja alilijua, lakini nani wa kumwambia mama wa watu kwamba alisukuma gari lililofungwa breki?

Bibi Petronila alingoja. Kisha akacheka, kicheko kidogo cha pumzi, kisichokuwa na ubaya wowote.

— Basi asijibu. Mkwe wangu ni huyuhuyu, sina mwingine. Mwambie Jumapili jioni anirudishe na gari yake. Ila mimi nitakaa mbele.

Yunis alimtazama mama, kisha akautazama mgongo wa mkwe.

— Mkwe, mama anasema atakaa mbele. Huo mti ataulaza mwenyewe.