Historia ya Mzee Mistari, Aliyesoma Mwanga wa Shaba

Marehemu Babu yetu, ambaye kiwandani hakuna aliyemwita vingine ila Mzee Mistari, alizaliwa tarehe 9 Machi 1941, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la reli, akiwa mtoto wa tatu wa seremala na mshona nguo, akasoma shule ya msingi kuanzia 1949 hadi 1956, akaishia hapo, na waliokuja na vyeti vyao tunawaomba wasicheke, kwani mjukuu anayesoma historia hii naye aliishia njiani, na bado ndiye aliyechaguliwa kuisoma.

Tarehe 3 Juni 1958 aliajiriwa kupakia makaa katika kiwanda cha kuyeyusha shaba na kusubu koki za maji, na mwaka 1964, ilipogundulika kwamba anatofautisha rangi ambazo wenzake waliziona moja, alihamishiwa chumba cha upimaji, chumba cheusi kisicho na dirisha, ambamo kipande cha kila chungu cha shaba kilipigwa cheche ya umeme, mwanga wake ukapitishwa kwenye kioo cha pembetatu, ukatoka umechanika kuwa mistari ya rangi, naye akaisoma kama sisi tunavyosoma ujumbe wa simu.

Siri ya mistari hiyo alitufundishia kwenye ngazi za nyumbani, akimwamuru mjukuu huyu asimame kati ya kidato cha tatu na cha nne, na mjukuu, pamoja na ubingwa wake wote, akashindwa, ndipo Babu akasema hata elektroni ndani ya atomi haiwezi, ikipigwa cheche hupanda, haikai huko, hushuka, na kila ishukapo hutema mwanga wa rangi moja kamili, mruko mfupi mwekundu, mruko mrefu zambarau, na kwa kuwa ngazi za shaba hazikujengwa kama ngazi za risasi, hakuna metali iwezayo kuazima rangi za mwenzake.

Tarehe 14 Agosti 1965 alifunga ndoa na Bibi yetu, mfungashaji wa koki, ambaye wanaume wengine walimpelekea zawadi, Babu akamwita achungulie mistari ya kijani ya shaba, na Bibi anaapa mpaka leo kwamba alikubali ili tu atoke kwenye kile chumba chenye joto, wakajaliwa watoto wanne, waliozaliwa 1966, 1969, 1972 na 1978.

Jumanne tarehe 17 Septemba 1996, Bibi alipita chumbani kuchungulia, kama alivyozoea tangu uchumba, akauliza, "Baba watoto, na huu wa zambarau huku ukingoni, umeuacha uote mizizi?" Babu akachungulia, hakuona kitu, maana mtoto wa jicho alikuwa amemfichia rangi hiyo bila yeye kujua, na zambarau ile ndiyo risasi, sumu katika maji ya kunywa, naye alikuwa amepitisha vyungu vya siku tatu. Meneja alimshauri anyamaze, kwa kuwa anayejua ni mkewe peke yake, Babu akajibu kwamba huyo ndiye hasa anayemwogopa, akaandika kosa lake kwa mkono wake, miaka mitano kabla ya kustaafu, na koki zote zikarudishwa tanurini.

Lakini boksi moja la koki ishirini na nne, zilizopigwa mhuri wa namba 217, lilikuwa limeshauzwa, kwa hiyo alichukua likizo na spana, akabisha hodi nyumba kwa nyumba, akifungua koki za watu na kuomba radhi mlangoni, akapata ishirini na tatu. Alipasuliwa macho Februari 1997, akarudi kwenye kioo chake hadi alipostaafu 2001, na tangu hapo hakuingia jiko la mtu bila kuinama chini ya koki.

Moyo ulianza kumchosha mwaka 2021, akafariki Jumapili tarehe 12 Mei 2024, saa nne asubuhi, wodini, Bibi akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuachia vitanda vyao, na wafanyakazi wenzake wa zamani, hasa waliofanya kazi Jumapili nzima kuyeyusha upya koki zile, wakamnunia mwaka mzima, na leo wamembeba.

Mwisho, mkirudi nyumbani, kila mmoja atazame chini ya mpini wa koki yake, na atakayekuta mhuri wa namba 217 asinywe maji yale, atuite saa yoyote, mjukuu atakuja na spana, na ataomba radhi mlangoni.

Babu, upumzike kwa amani, kazi iliyobaki tumeichukua.